Chuma Kisichotakiwa Kung'aa

Vijana wangu, kama una waya wa kusugulia mkononi, uweke chini kwanza. Na hiyo sabuni ya unga isogeze kando. Ina wakati wake, lakini wengi wenu mkishika chuma cha zamani mnaanza kukishambulia kabla hata hamjakiangalia.

Mimi kazi yangu ilikuwa upishi katika kambi za watalii, zile za mahema zinazohama kufuata nyumbu. Nilipostaafu nikarudi nyumbani Nyansurura kulima na kufuga, nikadhani mambo ya jikoni nimeyaacha hukohuko porini. Wapi! Kila mara mtu ananiletea kikaango chenye kutu, au chuma cha chapati kinachonata. Wanatoka Mbalibali, wengine wanatoka mbali kabisa Tarime, wanakuja na bodaboda chuma kimefungwa kwenye gunia. Mke wangu Nyangi anasema nimefungua hospitali bila kumuuliza.

Ninaposema chuma, nasema kile kizito cha kumiminwa kwenye kalibu, si bati wala alumini. Ukikidondosha juu ya jiwe hakibonyei, kinapasuka. Kikiwa kitupu ni cha kijivu. Ule weusi unaouona juu yake si uchafu wala masizi. Ni mafuta yaliyoungua kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka, mpaka yakawa ngozi. Ngozi hiyo ndiyo inayozuia kutu isiingie na chapati isishike. Ukiisugua ikatoka yote, usije kwangu kulalamika kwamba yai limekataa kuachia.

Aliyenifundisha haya ni Mzee Mahemba, mtu mmoja mfupi wa kabila la Wanata, mpishi mkuu wa kambi niliyoanzia kazi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi kati ya hayo machache yalikuwa matusi. Siku niliyoripoti alinipa chungu cha chuma chekundu kwa kutu.

"Huyu mgonjwa," akasema. "Mtibu."

Nikamuuliza dawa iko wapi. Akaninyooshea kidole kwenye rundo la magunzi ya mahindi nyuma ya jiko.

Gunzi ni kifaa, msilidharau. Chukua gunzi kavu, chumvi ya mawe na majivu yaliyochekechwa, sugua kutu mpaka mkono ukuulize kama una akili timamu. Kutu ikiwa sugu, chukua siki, changanya na maji, loweka chuma kwa muda wa kunywa chai tu. Usikiache kilale humo, maana siki ikimaliza kutu inaanza kula chuma chenyewe. Halafu suuza kwa maji ya uvuguvugu, na ukaushe juu ya moto papo hapo. Wapo wanaokianika juani wakaenda kupiga soga. Wakirudi wanakuta kutu imeshawahi kurudi.

Baada ya hapo ndipo unapokilisha mafuta. Sisi kambini tulitumia mafuta ya ng'ombe, yale meupe ya karibu na figo. Siku hizi alizeti ipo kila duka na inafanya kazi nzuri. Kosa la watu wote liko hapa: wanapaka mengi. Wanadhani chuma kina njaa, basi wakimwagie. Mafuta mengi hayawi ngozi, yanakuwa ulimbo. Mzee Mahemba alikuwa akisema, "Paka. Umepaka? Sasa futa kama vile ulikosea kupaka." Unafuta mpaka unaona hakuna kitu pale. Kipo. Hicho kidogo ndicho kinachotakiwa.

Tulikuwa na mpishi mwenzetu, Mwikwabe, mtu mwema lakini mkono wake mzito. Alikipaka kikaango mafuta ya ng'ombe yakawa yanachuruzika, akakiacha nje ya hema kipoe. Asubuhi hakipo. Tukatafuta, tukakikuta kwenye korongo, kimelambwa ndani na nje, na mpini wake una alama za meno ya fisi. Mzee Mahemba akakiinua kwenye mwanga, akakigeuzageuza.

"Huyu fisi anaijua kazi kuliko wewe," akamwambia Mwikwabe. "Angalia alivyofuta."

Kuhusu moto, msiwe na haraka. Moto mkali wa kuni unakivimbisha chuma upande mmoja, kesho hakikai sawa mafigani. Samadi kavu ya ng'ombe ndiyo moto wa kazi hii. Inaungua polepole, haina fujo, na kwetu haijawahi kuadimika. Kifunike chuma juu ya moto huo, kitoe moshi mpaka moshi ukome wenyewe, kiache kipoe, paka tena, futa tena, rudisha tena. Rudia mpaka weusi uanze kutulia. Halafu mwanzoni usikipikie nyanya wala kitu chenye ukali. Kikaangie vitunguu na nyama yenye mafuta. Chapati ya kwanza itashika, hilo lijue kabla, usimlaumu mtu.

Na maji baridi! Usimwagie maji baridi chuma chenye moto. Mwikwabe alifanya hivyo kwa chungu cha mikate, kikalia kama bunduki iliyofyatuliwa mbali, kikawa na ufa. Tulidhani kitatupwa. Mzee Mahemba akatukana kwanza, akamaliza, akafuatana na dereva kwenda kijijini kutafuta damu mbichi ya ng'ombe. Akaichanganya na majivu laini kabisa mpaka ikawa uji mzito, akaushindilia kwenye ufa kwa sindano ya kushonea magunia. Akaukausha kwa moto mdogo, akashindilia tena, kisha akakilisha mafuta juu yake mpaka mstari ukapotea. Chungu kile hakikupikiwa mchuzi tena, lakini mikate kilipika mpaka kambi ile inavunjwa.

Nilipokuja likizo nilimsimulia mama yangu jambo hilo kwa mbwembwe zote. Alikuwa anapukuchua mahindi, hakuinua hata kichwa.

"Damu ni ya kunywa na maziwa," alisema. "Ninyi wanaume mkipewa jiko mnalichezea."

Niliona nimepoteza maneno yangu, nikaenda kuangalia ng'ombe.

Sasa niwaambie kilichotokea mwaka huu baada ya kuvuna, maana hicho ndicho kilichonifanya niandike.

Mama yangu alikuwa na chuma cha chapati, kizito, cha mviringo, alichopewa na kaka yake aliyekuwa akifanya kazi ng'ambo ya mpaka. Alikipikia chapati za kuuza mnadani. Alipofariki kilibaki katika nyumba yake, na nyumba ya mama kwetu hukaa na kitinda mimba. Kwa hiyo kilibaki kwa mdogo wangu, na mdogo wangu naye alipotangulia, kikawa cha mjane wake, Bhoke, tunayemwita Mama Marwa. Chapati zake zinajulikana hapa senta. Kwa chuma hicho amesomesha watoto, na tangu kiwe chake hakuna mtu mwingine aliyekishika. Ni mwanamke mkali. Akikutazama wakati umekosea unatamani angekupiga tu yaishe.

Mwanawe Marwa alioa juzi juzi, binti kutoka Gorong'a, anaitwa Ghati. Haikuwa rahisi kwa yule binti. Ugali wake ulisemwa, ufagiaji wake ulisemwa, hata jinsi anavyofunga mlango. Basi Mama Marwa akavuka Sirari kwenda kumwuguza dada yake upande wa Kenya, na Ghati akaona hii ndiyo nafasi ya kupata sifa.

Mnajua kwetu bibi harusi anapimwa kwa nini. Anapimwa kwa sufuria. Wageni wakipita wakiona sufuria kwenye kichanja zinawaka jua, wanasema hapa pameolewa. Ghati akasugua sufuria zote kwa mchanga na majivu mpaka ungeweza kunyolea ndevu mbele yake. Zilipoisha akaona kile chuma kimening'inia pembeni, cheusi tititi. Akakionea huruma. Akadhani mama mkwe amechoka, hana wa kumsaidia. Akakitupa kwenye moto mkubwa ngozi ikaungua, halafu akakishukia kwa waya wa kusugulia mpaka kikabaki kitupu, cha kijivu.

Hapo ndipo alipouona ufa, kutoka ukingoni kuelekea katikati, urefu wa kidole.

Marwa alipofika kutoka shambani na kuona, alishika kichwa. "Ghati, umevunja chuma cha bibi! Mama atakurudisha kwenu."

Hakuwa anatania. Binti wa watu akakifunga chuma kwenye kanga akaja kwetu.

Kwetu mkamwana na baba mkwe hawakaribiani. Hawapeani mkono, hawakai pamoja, na mimi kama kaka mkubwa wa marehemu ndiye baba mkwe mwenyewe. Kwa hiyo Ghati akasimama nyuma ya ukuta wa jiko, mimi nikakaa kwenye kigoda uani, na mke wangu Nyangi akakaa mlangoni katikati yetu kupeleka maneno.

"Shikamoo, tata," sauti ikatoka nyuma ya ukuta. Tata kwa Kikurya ni baba.

"Marahaba. Mwambie akilete nikione."

"Amesema ukilete akione," akasema Nyangi.

"Nimesikia, mama."

Chuma kikapita mkononi mwa Nyangi kikanifikia. Nawaambia ukweli, nilipokiona kitupu vile roho iliniuma. Kilikuwa chuma cha mama yangu, na weusi ule ulikuwa wa mikono yake. Nilitaka kusema neno kali. Lakini nilisikia nyuma ya ukuta mtu analia kwa kujizuia, ile ya kwikwi.

Nikakishika kwa ncha ya kidole, nikakigonga kwa kipande cha mti. Chuma kizima kinaimba, hiki kilikohoa. Ufa ni wa kweli. Nikamwambia Nyangi alete mafuta ya taa na unga wa mahindi. Unapaka mafuta ya taa, unafuta kabisa, unanyunyiza unga mkavu, unangoja. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yanapanda, unga unalowa, mstari wote unaonekana ulipoanzia na ulipoishia. Ulikuwa umesimama, haukwenda mbali.

Halafu nikachukua sindano ya magunia nikachokoa kidogo. Ufa mpya ndani yake ni wa kijivu safi. Huu ulikuwa mweusi ndani, na umejaa kitu kigumu, si masizi. Nikakisaga kwa kidole, nikakinusa, nikakilowesha mate. Kikatoa wekundu wa kahawia.

"Mwambie asilie," nikasema. "Hakukivunja yeye. Ufa huu ni mkubwa kuliko umri wake. Kuna mtu aliuziba kwa damu na majivu."

Nyangi akageuka kupeleka ujumbe, lakini kilio kilikuwa kimeshakoma.

Nikajiuliza ni nani. Nikadhani ni fundi fulani wa ng'ambo, kabla mjomba hajamletea mama. Nikaliacha hapo, kazi ilikuwa mbele yetu. Nikamtuma mtu machinjioni kuleta damu kidogo ya kujazia pale nilipochokoa, nikasema Ghati mwenyewe ndiye atakayefanya kazi, kwa mikono yake, mimi niseme tu. Nyangi alichoka kurudia maneno yangu akaanza kuyafupisha. Mimi nasema, "Mwambie apake kidogo, halafu afute, na kitambaa kiwe cha pamba, si cha nailoni, kitayeyuka," yeye anasema, "Futa." Na yule binti anafuta. Nawaambia, ana mkono mwepesi. Mzee Mahemba angemtukana kidogo sana.

Tuliendelea hivyo siku kwa siku, moto wa samadi ukifuka nyuma ya jiko. Chuma kilikuwa kimeanza kuwa cha rangi ya kahawa, bado hakijawa cheusi, pale Mama Marwa alipotokea njiani na begi lake kichwani. Dada yake alipata nafuu mapema. Alikuta nyumbani hakuna mtu, chuma hakipo kwenye msumari wake, akafuata moshi.

Akakiona. Akashusha begi.

"Nani amekivua hiki?"

Ghati akatoka nyuma ya ukuta akapiga magoti. "Shikamoo, mama. Ni mimi. Nilidhani ni kichafu."

"Ulidhani." Akakichukua, kilikuwa cha vuguvugu, akakipeleka kwenye mwanga. Akauona mstari. "Na ufa huu ulidhani nini? Eeh? Chuma hiki nimekikuta kizima, nimekitunza kizima! Kesho Marwa akupeleke kwenu, mama yako akufundishe kushika vya watu."

Yule binti alikuwa ameshika kile kitambaa cha mafuta kwa mikono miwili.

"Shemeji," nikasema, "keti kwanza."

"Sikai."

"Basi sikiliza umesimama. Ufa huu si wa leo. Ndani yake palikuwa pamezibwa kwa damu ya ng'ombe na majivu, na dawa ile ilikuwa ya zamani, ngumu kama jiwe. Aliyeuziba aliuziba kabla Ghati hajazaliwa."

Mama Marwa akakitazama chuma tena. Akakaa chini pale pale kwenye vumbi, na nguo zake za safari.

"Damu," akasema.

"Damu na majivu."

Nyangi akataka kwenda kumshika, naye akamzuia kwa mkono. Halafu akaanza kusema polepole, na hakuwa anatutazama.

Alisema alipoolewa pale, kabla hata Marwa hajafikiriwa, mama mkwe wake, yaani mama yangu, alimwita jioni moja upesi upesi, naye alikuwa na chuma motoni. Akakimwagia maji ya mtungi kipoe haraka. Kikalia taa! Hakuthubutu kukiangalia. Alikining'iniza, akaenda kulala, anangoja kurudishwa kwao. Asubuhi akamkuta mama mkwe ameamka kabla yake. Vijana walikuwa wanamtoa ng'ombe damu shingoni, na mama ameshika kibuyu anakinga.

"Nikajua anataka kunywa na maziwa," akasema Mama Marwa. "Hakunywa. Nilishangaa, lakini bibi harusi haulizi. Kutwa nzima alikaa nyuma ya nyumba na moto wa samadi, akanituma kisimani, akanituma kuni, akanituma kwa jirani, kila nikirudi ananituma tena. Nilipokiona chuma kilikuwa mahali pake, cheusi, kizuri. Akaniambia, 'Kesho chapati utapika wewe.' Basi. Nikasema Mungu amenihurumia, hakikupasuka, nilisikia vibaya."

Akapitisha kidole juu ya ule mstari.

"Miaka yote hiyo, shemeji. Hakusema. Hata tulipogombana hakusema. Hata alipokuwa anakufa, nikimlisha uji, hakusema."

Nami nikakumbuka mahindi yanapukuchuliwa, na kichwa ambacho hakikuinuka. Kumbe mama alikuwa anasikiliza kila neno. Niliona fahari na huzuni kwa pamoja, na nikatamani mama awepo nimwulize alitumia majivu ya mti gani, maana alikuwa ameziba vizuri kuliko Mzee Mahemba.

Mama Marwa akafuta uso kwa upande wa kiganja. Akamnyooshea Ghati kile chuma.

"Endelea," akasema. "Hapo penye ufa usisugue."

"Ndiyo, mama."

"Na ufute. Umepaka mengi."

Hakuwa amepaka mengi. Lakini nilinyamaza, maana mama mkwe lazima abaki na kitu cha kusema. Akaitazama mikono ya yule binti ikizunguka na kitambaa, ikizunguka tena, kisha akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayejaribu nguo ya marehemu:

"Kesho chapati utapika wewe."

Mimi nikainuka kwenda kuangalia ng'ombe, kama kawaida yangu. Baba mkwe hapaswi kuonekana analia mbele ya mkamwana, na Nyangi alikuwa ameshaniona.

Kesho yake nililetewa chapati zangu kwenye sahani iliyofunikwa. Zilikuwa nzuri. Nikauliza ya kwanza ilikuwaje. Marwa, aliyezileta, akacheka akasema ilishika kwenye chuma ikachanika vipande vitatu, na Ghati alitaka kuwatupia kuku.

"Kuku wakaila?"

"Hapana, baba mkubwa. Mama aliila yeye. Alisema ndiyo anayoitaka."